Salum Kashafali, mtoto aliyetoka vitani

Msikilizaji wa hapa Uvira, na hasa wewe uliye ng'ambo, Rugombo, Bujumbura, Kigoma au kambini Nyarugusu, natamani unisikilize leo. Sogea karibu na redio, waite na watoto.

Leo nina habari za mtu mmoja. Anaitwa Salum Ageze Kashafali. Narudia ili watoto walishike jina: Salum Ageze Kashafali. Ni mzaliwa wa nchi yetu, Kongo, mwaka 1993. Aliondoka akiwa bado mtoto, pamoja na familia yake, kwa sababu ya vita. Akafika Norwei, kaskazini kabisa mwa Ulaya, akakulia katika mji wa Bergen. Huko akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa macho yake. Na mtu huyohuyo, mkimbizi, asiyeona vizuri, tarehe 29 Agosti 2021 alisimama Tokyo, Japani, katika fainali ya mita 100 ya michezo ya Paralimpiki, akashinda medali ya dhahabu na kuweka rekodi ya dunia. Alitumia sekunde 10.43.

Najua wengine mnajiuliza, sekunde kumi na kitu, ndiyo nini hiyo? Ngoja nieleze. Mita 100 ni karibu urefu wa uwanja wa mpira, kutoka goli hadi goli. Chukua kijana mwenye afya, hafanyi mazoezi maalumu, mwambie akimbie umbali huo kwa nguvu zake zote. Akimaliza kwa sekunde 14 atajisifu mtaa mzima. Sasa Kashafali akifika mwisho, kijana huyo bado yuko nyuma yake zaidi ya mita ishirini. Naye Usain Bolt wa Jamaika, mtu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, alikimbia kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009. Kwa hiyo kati ya Bolt na huyu ndugu yetu haitimii hata sekunde moja. Ukianza kusema "jambo" na kumaliza, sekunde hiyo imekwisha.

Basi, tumemfahamu ni nani. Tuanze safari yake, maana ndani yake kuna mambo yanayotuhusu sisi wa hapa moja kwa moja.

Mtu aliyezaliwa Kongo mwaka 1993 alizaliwa wakati gani? Ninyi wazazi wenye umri wangu hamhitaji kuelezwa. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwetu kwa wingi usiohesabika. Oktoba 1996 vita vilianzia hapa, katika milima iliyo juu yetu na katika uwanda wa Ruzizi, na Uvira ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kuangushwa. Watu wa Kalundu waliingia mitumbwini usiku, na watoto mgongoni. Waliofika Kigoma walipelekwa kambini, na Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Tukadhani yamekwisha, kumbe Agosti 1998 vita vikarudi, na mwishoni mwa mwaka huo yakaja mauaji ya Makobola, msiba ambao wengi wenu bado mna makaburi yake moyoni. Kashafali ni mtoto wa miaka hiyo. Wenzake wa rika lake mnao humu majumbani: wengine leo ni walimu, wengine ni madereva wa pikipiki, wengine wako Marekani, Kanada na Australia, wengine hawakurudi kabisa.

Ninalotaka mlishike hapa ni hili. Mtoto anapovuka mpaka, anahesabiwa. Anaandikwa kwenye kadi ya chakula: familia ya watu sita, familia ya watu tisa. Anayemhesabu hana njia ya kujua kilichomo ndani ya mtoto huyo. Hakuna mahali kwenye kadi pa kuandika kwamba huyu ana mguu mwepesi, huyu ana sauti, huyu hesabu anazipiga kichwani. Kasi ile ya Tokyo haikununuliwa Ulaya. Ilikuwa imo katika miguu ya mtoto wa Kikongomani aliyekuwa anakimbizwa na wazazi wake kutoka kwenye risasi. Narudia, wasikilizaji: ilikuwa imo tayari.

Kilichokosekana ni nini? Kwanza ni amani. Bila amani tutaendelea kupoteza watoto, na hilo sitalizunguka. Lakini tuangalie pia aliyoyakuta Bergen, kwa sababu baadhi yake hata sisi tunaweza kuyafanya.

Bergen ni mji wa bandari, una bahari mbele na milima nyuma, kama Uvira ulivyobanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Unajulikana Norwei nzima kwa mvua. Fikirieni mtoto wa Kongo anafika katika baridi ile, lugha haijui, hana rafiki. Lakini kuna shule, naye anaingizwa shuleni. Na kuna klabu. Klabu aliyokuja kuikimbilia inaitwa Norna-Salhus, ni klabu ya watu wa kawaida pembezoni mwa mji. Huko Norwei klabu nyingi za watoto zinaendeshwa na wazazi wenyewe. Baba akitoka kazini anakwenda kupima muda, mama anapika keki za kuuza ili zipatikane pesa za nauli, jirani anafagia uwanja. Hawalipwi. Ni zamu, kama zamu zetu za kuzibua mifereji mvua inapokaribia. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi tunadhani wenzetu wanashinda kwa sababu ya fedha tu. Fedha zipo, ndiyo. Lakini pale mwanzo kabisa, mtoto anapoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, kinachomshika asiondoke ni mtu mzima anayejua jina lake na anayemsubiri kila Jumanne.

Sasa tufike kwenye macho, na hapa naomba walimu mnisikilize kwa makini.

Kashafali ana ugonjwa wa macho unaoitwa Stargardt. Ni ugonjwa wa kurithi. Wazazi wanaweza kuona vizuri kabisa, lakini kila mmoja amebeba mbegu ya ugonjwa bila kujua, na mtoto akirithi mbegu zote mbili, ugonjwa unaibuka. Mara nyingi unaanza utotoni au katika ujana. Unaharibu sehemu ya katikati ya jicho, ile tunayoitumia kusoma, kutambua sura, kutunga uzi kwenye sindano. Mwenye nao akikutazama usoni anaweza kuona masikio yako na bega lako, lakini pua na macho yako yamekuwa doa. Pembeni anaona, katikati haoni. Hadi leo ugonjwa huu hauna tiba ya kuuponya. Na kwa kuwa pembeni anaona, anatembea bila fimbo, hagongi mlango, basi watu wanasema: huyu anajifanya.

Je, hamjamwona mtoto wa namna hiyo? Mtoto anayeinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi? Mtoto anayeombaomba kwa mwenzake, "nionyeshe ulichoandika"? Mtoto ambaye hakusalimii njiani, mama yake anamgombeza kwamba hana adabu, kumbe uso wako haukumfikia? Mara ngapi tumempiga mtoto kama huyo kwa uvivu? Mara ngapi tumesema ni uchawi, au kwamba familia ina laana? Mwalimu ana watoto sitini au themanini darasani, mbao za madawati zimevunjika, simlaumu. Lakini kumpanga mtoto akae mbele hakugharimu hata faranga moja.

Kijana Kashafali alipojua kwamba macho yake yanakwisha, angeweza kukaa ndani. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa amekwisha kupoteza nchi, sasa anapoteza na nuru. Yeye hakukaa ndani, alikimbia. Na mbio fupi, kwa bahati, ni mchezo ambao mtu wa macho dhaifu anaweza kuuweza: njia imechorwa mistari myeupe, hakuna mpira wa kutafuta, hakuna mtu wa kukukata njia, unasikia mlio wa bastola na unakwenda mbele. Katika Paralimpiki wakimbiaji wasioona vizuri wanagawanywa makundi matatu. Kundi la T11 ni la wasioona kabisa au karibu kabisa, wanafunikwa macho na kukimbia na mwongozaji, wamefungwa kamba fupi mkononi. Kundi la T12 wanaona kidogo, na anayetaka mwongozaji anaruhusiwa. Kundi la T13 wanaona zaidi kidogo. Kashafali aling'ara katika T12, na alikimbia peke yake, bila mwongozaji.

Jina lake lilianza kusikika dunia nzima Juni 2019. Oslo, mji mkuu wa Norwei, una uwanja maarufu uitwao Bislett, ambako kila mwaka wanaalikwa wanariadha bora wa dunia. Mwaka huo kwenye uwanja huo zikawekwa mbio za mita 100 za wenye ulemavu wa kuona, mbele ya umati uleule uliokuja kuwatazama mabingwa wengine. Kashafali akakimbia kwa sekunde 10.45. Kabla ya hapo, kasi kubwa kuliko zote katika Paralimpiki ilikuwa ya Jason Smyth wa Ireland, sekunde 10.46, aliyoiweka London mwaka 2012. Smyth huyo hakuwahi kushindwa hata mara moja katika Paralimpiki. Mtoto wa Kongo akampita kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hata kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Novemba mwaka huohuo akaenda Dubai, kwenye mashindano ya dunia, akarudi na dhahabu. Halafu ikaja Korona. Michezo ya Tokyo iliyopangwa 2020 ikasogezwa mwaka mzima. Mwanariadha wa mbio fupi akipoteza mwaka amepoteza kitu kikubwa, kwa sababu miguu haisubiri. Yeye akaendelea kufanya mazoezi. Ilipofika ile Agosti 2021 akaipunguza rekodi yake mwenyewe hadi 10.43. Nyuma yake alikuwa Mmarekani Noah Malone, aliyechukua fedha. Na ikumbukwe kwamba nyumbani Norwei hakimbii na wenye ulemavu peke yao. Anajipanga pia na wanaoona vizuri, na anawatoa jasho.

Mwaka 2024 huko Paris alikimbia katika kundi la T13, lenye watu wanaoona zaidi kidogo. Alishika nafasi ya pili na kupata medali ya fedha, nyuma ya Skander Djamil Athmani wa Algeria. Alikuwa na umri wa miaka 30, umri ambao wakimbiaji wengi wa mbio fupi wanaanza kufikiria kupumzika. Mimi medali hii ya fedha naiheshimu sawasawa na ile dhahabu, labda na zaidi, kwa sababu aliipata dhidi ya vijana na katika kundi gumu zaidi.

Hapa najua swali linalokuja. Tukizungumza habari hizi barazani, daima kuna mzee anayeuliza: "Lakini medali ni ya Norwei. Bendera iliyopanda si yetu. Sisi tumepata nini?" Ni swali la haki. Nchi yetu, pamoja na ukubwa wake wote, haijapata medali hata moja ya Olimpiki. Katika Paralimpiki tulianza kupeleka wanariadha mwaka 2012 tu, London. Kwa hiyo inauma kuona dhahabu iliyozaliwa kwetu ikipandishiwa bendera nyingine.

Lakini tuwe wakweli. Mtoto hakuiacha nchi, nchi ndiyo iliyomtoa. Waliompokea, wakampa kitanda, daftari, daktari wa macho na viatu vya kukimbilia, ndio anaowakimbilia. Sioni usaliti hapo. Aliyekulea ana haki ya kushangilia. Na sisi nasi hatuzuiwi kushangilia, kwa sababu damu haibadiliki kwa karatasi. Anayetaka kumkasirikia mtu, akasirikie vita na wanaovilisha. Mtoto hana kosa.

Tena si yeye pekee. Kumbukeni mwaka 2016, michezo ya Rio, Brazili. Kwa mara ya kwanza kabisa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda timu ya wakimbizi, watu kumi. Kati ya kumi hao wawili walikuwa Wakongomani wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wazaliwa wa Bukavu, jirani zetu wa Kivu Kusini. Wote wawili vita viliwatenganisha na wazazi wakiwa wadogo, wakapelekwa Kinshasa, na judo wakajifunzia huko katika maisha ya mtoto asiye na kwao. Popole alishinda pambano lake la kwanza Rio. Katika timu hiyo alikuwemo pia James Nyang Chiengjiek wa Sudan Kusini, aliyekimbia mita 400. Yeye alitoroka akiwa na miaka 13 ili asichukuliwe jeshini, akafika kambi ya Kakuma, Kenya. Kule Kenya akaanza kukimbia. James hakushinda, katika kundi lake alimaliza wa mwisho. Namtaja hata hivyo, kwa sababu mtoto aliyekwepa bunduki akaishia kwenye uwanja wa Olimpiki amekwisha kushinda lililo kubwa.

Sasa turudi nyumbani, wasikilizaji, maana Rio na Tokyo ni mbali.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 makumi ya maelfu ya watu wetu, wa uwanda wa Ruzizi na wa Uvira, walivuka kuingia Burundi. Wengine walivuka mto Ruzizi wenyewe, maji kifuani. Walipofika Rugombo walilazwa wapi? Uwanjani, uwanja wa mpira. Familia zilitandika vitenge kwenye majani pale ambapo vijana walikuwa wakicheza. Katika uwanja ule, miongoni mwa watoto wale waliolala wakinyeshewa, mnafikiri hakuna Kashafali mwingine? Mimi naamini yupo. Na pengine ni msichana.

Hata sisi tuliobaki, watoto wetu wanachezea wapi? Tangu mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuua watu, na tangu ziwa lilipoanza kupanda hadi maji yakaingia bandarini kwetu Kalundu, kila kipande cha ardhi kikavu kinagombaniwa. Kiwanja cha watoto ndicho kinachouzwa kwanza. Wakubwa wa mitaa, naomba niwaseme kwa heshima: mkikata viwanja, acheni mahali pa mita 100. Mita 100 tu, zilizonyooka. Hazihitaji majani wala jukwaa. Zinahitaji mawe yaondolewe na asiwepo mtu wa kujenga hapo.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwangu. Katika nyumba zetu kuna watoto waliofichwa. Mgeni akija wanaingizwa chumba cha nyuma. Mmoja mguu haukunyooka, mwingine macho yana ukungu, mwingine haongei. Wazazi wanaona haya, na mimi nawaelewa, kwa sababu maneno ya majirani yanachoma. Lakini mtoto aliyefichwa hawezi kupimwa, hawezi kufundishwa, hawezi kukimbia. Kama Kashafali angefichwa, rekodi ile isingewekwa, na sisi tusingejua hata kwamba tumepoteza kitu.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu, na tuanze wiki hii. Mwalimu, Jumatatu asubuhi, andika herufi ubaoni, kubwa na ndogo, kisha mwite kila mtoto asimame nyuma ya darasa asome, jicho moja moja, lingine limefunikwa kwa kiganja. Atakayeshindwa, mkalishe mbele, na umwite mzazi wake. Mzazi, ukiitwa usikasirike, tafuta kituo cha afya waulize ni lini daktari wa macho anapatikana. Macho mengine yanahitaji miwani tu, mengine yanahitaji dawa mapema kabla hayajaharibika, na hata yale yasiyo na dawa, kama ya Kashafali, mtoto akijua anaumwa nini anaacha kujidhania mjinga.

Na ninyi vijana mnaokimbia jioni kwenye barabara ya bandarini, mkimwona mtoto anayechechemea au anayepapasa amesimama kando anawatazama, mwulizeni jina lake. Mwambieni kesho aje na yeye. Mkiwa na saa ya simu mpimieni muda, mwandikeni kwenye daftari, mwezi ujao mpimeni tena.

Wewe uliye kambini, mama au baba unayenisikia ukiwa ng'ambo, mtoto wako ameandikwa kwenye kadi kama mtu mmoja wa familia ya watu kadhaa. Wewe unajua zaidi ya kadi. Mpeleke shule ya kambi hata kama ni chini ya mti, na mahali popote watoto wanapocheza mwache acheze.

Muda wetu umekwisha. Ukiwa na jina la mtoto wa mtaa wako anayekimbia kuliko wenzake, mwenye ulemavu au asiye nao, lilete hapa redioni, nasi tutalisoma hewani juma lijalo ili walimu na makocha wa Uvira walisikie.